Uso wa Maksim Jiweni

Tripo alijaliwa jambo moja tu hapa duniani, nalo ni kuchora maji. Mlima akiuchora ulitoka kama gunia la viazi, na mke wa daktari aliyechorwa naye mwaka fulani ameigeuzia ile picha ukutani mpaka leo. Lakini maji, jamani, maji aliyaweza. Miaka thelathini alikaa na kiti chake cha kukunja ukingoni mwa bwawa la Risan, mji wake mdogo wa pwani, akachora kila mechi ya mpira wa majini iliyochezwa pale, na picha hizo ndizo zilizomlisha. Watalii walinunua ndogo, wenyeji waliohamia Australia waliagiza kubwa, naye katikati yao aliishi bila kumpigia mtu magoti.

Picha moja ndiyo iliyomfanya awe mtu wa kutajwa. Ni ya Maksim, kipa, siku ya fainali. Kijana ametoka majini mpaka kiunoni, mikono yote miwili juu, mpira umegota kwenye kiganja cha kushoto, na matone yamesimama hewani kana kwamba yanasubiri ruhusa ya kuanguka. Kofia yake nyekundu yenye namba moja imekwenda upande, sikio moja liko nje. Siku ya mechi yenyewe kofia haikusogea hata kidogo. Sikio Tripo alilitoa kwa hiari yake, kwa sababu lilikuwa sikio la Stane, mama wa kijana, na alitaka lionekane.

Stane na mumewe Vukota walikuwa kumu zake. Tripo ndiye aliyemshika Maksim siku ya ubatizo, na kwa watu wa ghuba ile kumu si rafiki wala jirani. Kumu ni ndugu uliyemchagua kwa mdomo wako mwenyewe. Humkani, humwozi binti yako, na zaidi ya yote humwandikishi karatasi. Umwambie kumu wako "tia sahihi hapa", ni afadhali ungemtemea mate kwenye kahawa.

Maksim alikufa na miaka ishirini na miwili, kwa pikipiki, kwenye kona ya barabara ya pwani. Jeneza lilikuja limekazwa skrubu, na Vukota hakukubali lifunguliwe. Vukota alikuwa fundi mkuu wa mitambo ya meli, mstaafu, mtu wa maneno machache na yote ya chuma. Siku ya arobaini, meza ikiwa na ngano ya kuchemsha, samaki, nyama kavu na pombe kali ya zabibu, Tripo alileta ile picha imefunikwa shuka. Aliifunua. Stane alienda akaweka kiganja chake shavuni mwa mwanawe, akakiacha pale.

"Kumu," Vukota alisema. "Hii isikae kabatini. Ichapishe, iuze, watu waione. Mwanangu asizikwe mara mbili."

"Nitaiuza. Na wewe kwenye jiwe la kaburi utaweka picha gani?"

"Hii hii. Kama hukatai."

"Nikatae nini, wewe mtu? Kunywa."

Wakanywa. Huo ndio mkataba wote waliowahi kuwa nao. Watu thelathini waliusikia, na hakuna hata mmoja aliyefikiri kutafuta kalamu.

Fundi wa mawe aliichonga picha ile kwenye jiwe jeusi kwa sindano ya chuma, nukta moja moja, wiki tatu. Alikuwa fundi kweli, hakuacha kitu, hata sikio. Toka siku hiyo Stane alipanda makaburini kila Jumamosi na kitambaa chenye maji, akaufuta uso, akaubusu, akashuka. Na Tripo aliuza kadi na picha za Maksim kwenye kibanda chake karibu na gati, na mtu akiuliza huyu ni nani, alisimulia fainali nzima mpaka mtalii wa watu akajuta kuuliza.

Kiangazi kikaja, na hoteli mpya ikaja na kiangazi. Meneja alimwita Tripo ofisini, akamsifu, akampa kahawa na mkataba wa kurasa nne. Hoteli inataka kutumia picha ya kipa kwa mapambo. Tripo alitia sahihi kurasa zote nne bila kusoma hata moja, maana alikuwa ameshaanza kuona ukumbi mkubwa na taa juu ya kazi yake. Ulipofika mwezi wa saba, mapambo yakatoka. Yalikuwa taulo za ufukweni, mia nne, kila moja na Maksim mzima mzima.

Tripo aliziona mapema kuliko wote. Alisimama juu ya ukuta wa barabara akazitazama zimetandazwa kokotoni, uso juu ya uso, na kitu kikamchoma kidogo moyoni. Lakini kingine kilimfurahisha, tusifichane. Picha mia nne. Mchoraji gani wa ghuba hii amewahi kuwa na picha mia nne mahali pamoja? Akanyamaza akaenda zake.

Stane aliziona wiki moja baadaye, akirudi sokoni na mkoba wa nyanya. Mwanamume mmoja mwenye tumbo alikuwa amelala kifudifudi juu ya mwanawe, mgongo unang'aa mafuta. Kisha akaamka, akakaa, makalio yake mabichi juu ya kidevu cha Maksim, akaanza kujifuta vidole vya miguu kwa kona iliyobaki. Stane alimwendea akamwomba ainuke. Yule bwana hakujua lugha. Alidhani mama wa watu anauza nyanya, akampa euro moja, akamwonyesha kwa mkono kwamba mzigo wake abaki nao.

Stane alifika nyumbani na ile euro imebanwa mkononi. Alimweleza Vukota mara moja tu.

Sasa hapa ndipo penye tabu. Kwa desturi ya pale, ukikosana na kumu wako unamwendea mlangoni. Unamtukana kuanzia babu zake, unavunja glasi moja au mbili, mkewe kama anaye analia, kisha mnakaa. Tripo alikuwa ameshasikia kilichompata Stane na aliona aibu. Alikuwa ameshaagiza samaki mkubwa kwa mvuvi ili Jumapili aende kuomba radhi. Ijumaa ikaja barua.

"Tia sahihi hapa," tarishi alimwambia. "Ya wakili hiyo. Kumu wako siku hizi amekuwa Mmarekani."

Tripo aliisoma amesimama. Aache mara moja kuuza, kuchapisha, kutoa au kuonyesha hadharani sura ya marehemu, iwe kwenye picha, kadi, kitambaa au chochote kingine, kwa kuwa wazazi hawakutoa idhini. Hawakutoa idhini. Aliyarudia maneno hayo mawili mpaka tarishi akaona haya akaondoka. Laiti Vukota angekuja kumpiga kibao, Tripo angemgeuzia na shavu la pili. Lakini barua, tena kwa mkono wa tarishi ambaye kufikia mchana atakuwa ameshaisoma kwa mji mzima, ilimkata mahali ambapo hakujua kama panakatika. Samaki aliliwa na paka.

Jumatatu alipanda basi mpaka Kotor kumwona wakili Ksenija, binti wa miaka thelathini hivi mwenye ofisi juu ya duka la viatu, anayekula mbegu za maboga huku anasoma.

"Barba Tripo," alisema, maana wazee wote wa pwani ile ni barba, "hawa wana haki."

"Haki ipi? Nimechora mimi. Mkono ni huu."

"Picha ni yako. Uso si wako. Mtu akiwa hai uso ni wake, akifa bila mke wala mtoto unabaki kwa wazazi. Ungechora bwawa zima, wachezaji, mwamuzi na watazamaji, ningekuwa na la kusema. Huyu ni mtu mmoja, na yuko kwenye taulo."

"Baba yake alinipa ruhusa mezani. Watu thelathini walisikia."

"Nitajie."

Tripo akaanza kuhesabu kwa vidole. Shemeji yake Vukota. Kaka yake Stane. Binamu wawili wa Perast. Alipofika kidole cha sita akashusha mikono, kwa kuwa aliona wazi hakuna hata mmoja atakayesimama mbele ya hakimu kumkana Vukota kwa ajili yake.

"Kwa nini hukumwandikisha?"

"Ni kumu wangu."

"Na hoteli?"

"Hoteli niliandikishana nayo."

"Kwa hiyo wageni uliwapa kurasa nne, na mwenye mtoto ukampa glasi." Ksenija alitema ganda kwenye sahani. "Haya. Wao je, wameitumia kazi yako popote? Kalenda? Fulana? Maana wewe huuzi bila wao, lakini nao hawanakili bila wewe. Inakata pande zote mbili."

Tripo alitazama dirishani.

"Iko kaburini," alisema.

Ksenija akaacha kutafuna. "Kuna uhakika imetoka kwenye mchoro wako? Si kwenye picha ya kamera?"

Basi Tripo akamweleza habari ya sikio, kwamba hakuna kamera iliyowahi kulipiga kwa kuwa halikuwahi kutoka nje, na alieleza kwa fahari, maskini, kama mtu anayeulizwa habari za ufundi wake na si habari za kaburi. Ksenija aliandika.

"Sikia, barba. Hatulifanyi hili ili lifanyike. Tunalitaja tu. Tunawaambia, ndani ya siku thelathini iondoeni nakala jiweni, au tukae tuelewane. Hakuna mzazi atakayekubali kuifuta. Watakuja mezani. Wewe utabaki na kadi na picha, wao watabaki na jiwe, taulo zitachomwa, na mtaandikishana kama watu wazima."

Mtu mwenye akili angevaa kofia yake hapo hapo akarudi nyumbani. Tripo aliuliza kalamu iko wapi.

Barua ilipofika kwa Vukota, Risan ikapata burudani ya bure. Kila Tripo akiingia mkahawani kulikuwa na mtu. "Tripo, mwaka ule ulinichora nikikosa penalti. Nikijitazama kwenye kioo nakudai au unanidai?" Mwingine akamwambia mkewe ameanza kumfunika uso akilala, asije akanakiliwa. Tripo alicheka nao, kisha akaacha kwenda. Alikuwa na hesabu yake. Alinunua chupa ya ile pombe ya zabibu, ile nzuri itokayo Crmnica, akaiweka mezani na glasi mbili, na kila siku jioni alikaa akitega sikio langoni. Alishapanga mpaka maneno. Vukota akiingia atamwambia, umechelewa, mjinga wewe, na barua itachanwa vipande kabla hajaketi.

Wiki ya kwanza Vukota hakuja. Ya pili hakuja. Nyumba zao zinatenganishwa na bustani moja ya ndimu na ngazi kumi na saba za mawe, na Vukota hakuzishuka.

Siku ya ishirini na sita alikuja Stane. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuingia nyumba ile mikono mitupu, hana hata yai.

"Karibu, kumu. Keti."

"Sikai. Nimemwambia naenda kununua mkate." Aliziona glasi mbili mezani, akaelewa zinamngoja nani. "Ifute ile barua."

"Ya kwanza alituma nani?"

"Mimi. Mimi ndiye niliyekuja nalia na kumchanganya akili. Nitukane mimi."

"Wewe huna kosa. Vukota anajua njia ya kuja hapa."

"Hawezi."

"Miguu anayo."

"Kumu, nisikilize basi." Stane alishika mgongo wa kiti. "Jeneza hawakunifungulia. Unajua, ulikuwepo. Mwanangu nilimuaga kwa kubusu mbao. Uso niliobaki nao kuubusu ni ule wa jiweni. Jumamosi naufuta, naubusu hapa shavuni, namwambia habari za wiki. Nina picha za kamera, ninazo tele, anacheka, ana keki mdomoni, lakini si pale alipolala. Mkiuondoa nitabusu wapi?"

Ilimuuma. Msidhani haikumuuma. Akajifanya anatafuta miwani. Lakini mtu mkaidi akiumia hulegea sehemu zote isipokuwa ile moja inayotakiwa ilegee.

"Mwambie aje," alisema. "Simtaki hata aseme neno. Aje akae hapo, anywe glasi moja. Naichana mbele yake."

"Nikimwambia nilikuja hapa hatakula tena nilichopika."

"Basi."

"Uza kadi zako. Uza na picha. Nitakutilia sahihi mimi mwenyewe sasa hivi, karatasi unayotaka. Taulo tu usiuze. Kweli hilo nalo ni kubwa mno?"

Hebu tazama. Hiyo ndiyo suluhu yenyewe, neno kwa neno kama Ksenija alivyoitabiri, imekuja na miguu yake imesimama jikoni. Haki yake yote aliyokwenda kuitafuta Kotor, ya kuuza kazi ya mkono wake mbele ya watu bila kuogopa, alikuwa anapewa na mtu mwenye uwezo wa kuitoa. Tripo aliona hivyo vizuri kabisa.

"Si wewe ninayemtaka," alisema. "Namtaka yeye."

Stane alijifunga kitambaa chake kichwani upya, taratibu.

"Kumbe Maksim hamumtaki nyote wawili," alisema. "Basi mgawane vizuri." Akaenda kununua mkate.

Siku ya ishirini na tisa ujumbe wa Vukota uliingia kwenye simu ya Tripo. Kesho saa nne asubuhi, makaburini. Njoo na miwani.

Asubuhi yake Ksenija alipiga simu, naye hakuwa anatafuna kitu. Fundi wa mawe alikuwa amekataa hiyo kazi, alimwambia Vukota akatafute mtu mwingine wa kumtendea dhambi hiyo, na habari zilifika mpaka Kotor. "Barba, amechukulia kweli. Mimi sikukuandikia barua ile kwa ajili ya hili. Ukifika pale mwambie tu 'naondoa dai'. Maneno mawili, na yanatosha mbele ya sheria. Umenisikia?"

"Nimesikia."

"Rudia."

"Nimesikia, mwanangu," Tripo alisema, akakata simu.

Alimkuta Vukota amevaa bwelasuti yake ya melini, jenereta pembeni, mashine ya kusagia mkononi, ndoo ya maji miguuni. Stane alikuwa ameketi kwenye ukingo wa kaburi la jirani, na kitambaa chake cha Jumamosi mapajani. Maksim alikuwa amewanyooshea wote mikono.

"Miwani umekuja nayo?" Vukota aliuliza.

"Nimekuja nayo."

"Vizuri. Nisije nikaambiwa nimekuibia."

Akaiweka mashine chini, akatoa sigara, akaiwasha. Aliivuta taratibu, yote, akitazama bahari. Mtu anayetaka kumaliza shughuli havuti sigara nzima namna ile, na Tripo alilijua hilo. Alijua anapewa muda. Alitaka neno moja tu litoke upande wa pili. Vukota amwite kumu, basi, hata kwa kumtukana, hata aseme wewe kumu wa shetani, na yeye atayasema maneno yake mawili. Na Vukota, niko tayari kuapa, alikuwa anangoja neno lile lile kutoka kwake. Wanaume wawili wenye mvi walisimama kila mmoja ameziba mdomo wake kwa nguvu zote. Sigara ikaisha.

Vukota aliwasha jenereta, akashika mashine, akaanzia chini, kwenye maji. Vumbi jeusi likaruka, akamwagia ndoo, likawa tope. Na Tripo, Mungu amsamehe, kilichomuuma kwanza ni yale maji. Mawimbi yake, yale matone, kazi ambayo hakuna mwingine aliyeiweza ghuba nzima, yalikuwa yanageuka ukungu wa kijivu mbele ya macho yake. Kiuno kikaenda. Kifua kikaenda. Ikafika zamu ya kidevu na mdomo, na mashine ikapita. Macho yalipobaki peke yake juu ya ukungu, Vukota alizima, akageuka, akamtazama Tripo.

Tripo alivua miwani, akaipangusa kwa shati, akaivaa tena. Mashine ikawashwa. Macho yakaenda, na sikio, na ile kofia.

Vukota alizima mara ya pili.

"Na jina je?" alisema.

"Jina lina nini?"

"Siku ya ubatizo padri aliuliza mtoto anaitwa nani. Baba haruhusiwi kujibu, anajibu kumu. Mimi nilitaka Jovan, jina la baba yangu, na ulijua. Nikasimama nyuma nimefumba mdomo kama desturi inavyotaka, wewe ukasema Maksim. Sasa hili nalo si kazi yako?"

"Jina halina hakimiliki," Tripo alisema.

Ni kweli, halina. Lakini hebu fikiria mtu umesimama juu ya mtoto uliyemshika kwa mikono yako, unaulizwa swali kama hilo na baba yake, na jibu unalolipata ni hilo.

"Mimi sijui sheria," Vukota alisema. "Nisije nikadaiwa." Akaweka mashine juu ya jina akalisaga, herufi sita, na haikuchukua hata dakika. Jiweni pakabaki jina la ukoo na tarehe mbili. Angeweza kuwa mtu yeyote wa ukoo ule, na pale kilimani wako wengi.

Vukota alimwaga ndoo ya mwisho. Maji yalipotiririka jiwe lilikuwa tupu, la kijivu.

"Angalia sasa. Kuna chako kilichobaki?"

Tripo alisogea. Miaka thelathini ya kutazama maji humfanya mtu awe na jicho baya, jicho lisiloachia kitu. Pale juu kabisa, karibu na ukingo, mahali mashine isipofika vizuri, palikuwa na vidole viwili vya mkono wa kushoto. Vilikuwa mistari tu, nukta chache, vya kuonekana ukiinamisha kichwa upande linakotoka jua. Hakuna mwingine duniani angeviona. Angesema hakuna, vingekaa pale miaka mia.

"Juu," alisema. "Vidole viwili."

Mpaka leo hajui kwa nini alisema. Ukimuuliza anakujibu kwamba aliulizwa.

Stane akainuka. Alikuja na kitambaa chake, akafuta pale juu, akainamisha kichwa huku, akainamisha huku, akaviona. Aliviangalia kwa muda mrefu sana. Vukota naye alikuja akasimama nyuma yake, akaviona, na uso wake ukabomoka wote kwa mara moja.

"Kumu," alisema, na sauti ilimtoka imekwaruza. "Kumu, viwili tu. Viachie."

Tripo alifungua mdomo. Alikuwa nayo maneno, alikuwa nayo tangu asubuhi, alikuwa nayo mwezi mzima.

"Washa," Stane alisema.

"Stane, kumu anasema—" Vukota alianza.

"Hajasema. Wala wewe hukusema. Sasa mna lugha, baada ya macho yake kwenda na maji?" Hakupaza sauti. "Mimi sitakuja hapa kila Jumamosi kubusu masazo yenu. Washa."

Vukota hakuwasha. Aliishika mashine kifuani, akaanza kulia kama mtoto, mabega juu na chini. Basi Stane aliitoa mikononi mwake, akainyanyua, ikamzidi uzito, akaiegemeza kwenye jiwe. Aliigeuza huku na huku akitafuta pa kubonyeza. Hakuwahi kuishika mashine ya namna ile maishani mwake, na mumewe hakuwa mtu wa kuulizwa tena, kwa hiyo alimgeukia Tripo akamuuliza inawashwa wapi, na Tripo akamwonyesha.